Binti wa Kong

Achai hakuwa mjinga. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu kuna watu waliokaa nyuma ya meza mjini Lodwar, mwezi wa pili mwaka 2013, wakaamua kwamba ni mjinga, na kabla yao mimi mwenyewe nilikuwa nimemhesabu hivyo kwa miezi kadhaa. Wao walikuwa na kisingizio cha kutomjua. Mimi nilikuwa nikikaa naye benchi moja.

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa, Kakuma One, ndani ya kambi. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni mwalimu Shadrack aliwafundisha hapo watu wazima Kiingereza. Mimi si mkimbizi. Natoka Nandi, niliishia darasa la saba, na nina hoteli Kakuma mjini, kando ya barabara ya Lokichoggio: chapati, maharagwe, chai, na nyama siku ikiwepo. Nilikwenda darasani kwa hasira tu. Watu wa mashirika walikuwa wanakuja kula kwangu na kusemezana Kiingereza huku wakitazama sahani, nami nikataka kujua wanayasema nini maharagwe yangu. Nilipokuja kujua, kumbe hawakuwa wanayataja hata kidogo.

Achai alikuja kwa jambo zito zaidi. Ni Mdinka kutoka Bor, mwanamke mrefu mwenye miguu ya kutembea, na kambini aliuza samaki wakavu walioletwa kwa lori kutoka Lowarengak. Ukitaka kumpata sokoni hukuhitaji kuuliza, ulifuata harufu. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Abang, ambaye mwaka huo wa 2012 alikuwa darasa la nane na kila muhula alikuwa wa kwanza. Kulikuwa na shirika lenye ofisi Lodwar lililowasomesha wasichana wa kambini waliofiwa na baba, miaka minne yote, katika shule ya bweni. Msichana alipaswa kupita mtihani, na mama yake naye alipaswa kuhojiwa. Mahojiano yalikuwa ya Kiingereza.

Mkalimani angepatikana. Achai alimkataa kabla hajaletwa. Alinieleza kwamba miaka ya nyuma aliwahi kupelekwa ofisi fulani kueleza jinsi alivyofika Kakuma, na alieleza tangu karani alipomiminiwa chai mpaka alipoimaliza: vita, mto, wale waliobaki mtoni, kila kitu. Alipomaliza, mkalimani akamgeukia afisa na kumwambia, anasema ndiyo. Tangu siku hiyo Achai aliapa kwamba akiulizwa tena habari za nyumba yake atajibu kwa mdomo wake.

Basi akaja kujifunza. Na alishika haraka, haraka kuliko mimi, jambo ambalo halikunifurahisha, mpaka tulipofika kwenye my na mine.

Somo hilo lilitutesa sote. Katika Kiswahili mtu ana wangu yake moja na inamtosha. Mtoto wangu. Huyu ni wangu. Kazi yake ni kubadilika mwanzo kufuatana na kitu, changu, langu, yangu, na hapa Kakuma hata hilo hatujisumbui nalo, kila kitu ni yangu, kuanzia mbuzi mpaka mume. Mwingereza yeye hajali kitu ni cha namna gani. Anachojali ni kama kimekuja nyuma ya neno au hakikuja. Kikija, ni my: my cup. Kisipokuja, ni mine: it is mine, na hapo unafunga mdomo. My ni kama mgonjwa, haiendi mahali bila kushikiliwa. Mine ukiishikilia inakasirika. Your na yours, her na hers, our na ours, their na theirs, zote ndiyo hivyo. Isipokuwa his. His ikiwa na kitu ni his, ikiwa haina kitu ni his. Nilimwuliza mwalimu kwa nini mwanamke ndiye wa kubadilika na mwanaume anabaki alivyo. Akasema sarufi imekaa hivyo. Nikamwambia hata nyumbani tunaambiwa hivyohivyo, na darasa likacheka mpaka akapiga meza.

Shadrack ni Mkongomani wa Uvira, mpole, mwenye shati jeupe moja ambalo sijawahi kuliona chafu. Namna yake ya kufundisha ilikuwa kukusanya vitu vyetu mezani: kandambili, funguo, simu, kikapu. Aliinua kimoja, akauliza ni cha nani, na mwenyewe alijibu mara mbili, mara ya kwanza na kitu, mara ya pili bila kitu. Nami nilijibu vizuri tu, it is my phone, it is mine. Akainua kikapu cha Achai kilichonuka samaki.

Achai akasimama. Akasema, it is his basket, it is his.

Tulifikiri ameteleza. Mwalimu akarudia swali polepole. Achai akarudia jibu polepole vilevile. Shadrack akamwuliza huyo his ni nani, naye akasema Kong. Kong alikuwa mumewe, na kila mtu pale alijua kwamba alikufa vitani mwaka 1995.

“Mama Achai,” Shadrack akasema, “ile mutu alishakufa. Kikapo njo ulinunua wewe.”

“Nilinunua,” Achai akajibu. “Kwa nyumba yake.”

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Ukimwuliza juu ya kalamu ya jirani, hers, bila kosa. Viatu vya wanakwaya, theirs, bila kosa. Ukigusa tu kitu kilichotoka nyumbani kwake, sufuria, mkeka, jerikeni, ulimi wake unageuka kwenda kwa marehemu. Nikajitwika kazi ya kumnyoosha. Alikuwa anapita hotelini kwangu asubuhi akienda kupokea samaki, namkalisha, namwekea chai, halafu nakishika kikombe kabla hajanywa na kumwuliza ni cha nani. Akijibu yours namwambia hapana, nimekupa, sasa ni cha nani. Mine, anasema, na anakunywa. Basi, nikamwambia, umeona ilivyo rahisi, na kikapu je? His. Nilimwita majina ambayo siyaandiki hapa, na mengine nilimwita kwa Kinandi ili yatoke vizuri.

Siku moja mwezi wa kumi na moja alichoka nami. Akaweka kikombe chini, akanitazama kutoka huko juu alikokuwa, maana hata akiketi ni mrefu.

“Mama Chep, wewe unafikiri mimi sijui. Najua. Mine ni yangu. Hers ni ya mwanamke. Lakini wewe unataka niseme uongo kwa Kiingereza mzuri.”

Ndipo akanieleza. Kong alimwoa kwa ng'ombe, ng'ombe wa ukoo mzima, akafa kabla hawajapata mtoto. Kwao mtu akifa hivyo haachwi apotee. Ndugu yake Yak, ambaye alikuwa na mke wake na watoto wake, aliingia katika nyumba ya marehemu ili marehemu apate mtoto. Abang alizaliwa 1998. Ni binti wa Kong. Si kwa kusema tu: anaitwa kwa jina lake, akitaja baba zake anamtaja Kong kwanza, kisha Mou baba yake Kong, kisha anapanda juu mpaka mahali nisipoweza kumfuata, na siku akiolewa ng'ombe watakwenda nyumba ya Kong. Watoto wa Yak ni wale aliozaa na mkewe. Mwaka 2011, nchi yao ilipopata uhuru, Yak alirudi Bor na watu wake, na Achai akabaki kwa sababu ya shule ya mtoto.

Mimi nikamsogezea kikombe chake bila kuuliza ni cha nani. Baba yangu mwenyewe alizaliwa miaka minne baada ya babu yangu kuzikwa. Huku kwetu Nandi hakuna aliyewahi kumwuliza imekuwaje. Kitambulisho chake kinasema ni mtoto wa mzee yule, shamba alilorithi ni la mzee yule, nami nimetokea humo. Na miezi yote hiyo nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu nikimpigia kelele aseme mine.

Ningekuwa na akili, ningefikiri siku hiyohiyo juu ya Lodwar. Ningejiuliza, fomu yao ina mahali pa kuandika jina la baba, mahali pa tarehe aliyokufa, na mahali pa tarehe aliyozaliwa mtoto, je, tarehe hizo zitapatana? Sikufikiri. Nilikuwa na furaha ya kugundua kwamba tunafanana, nikamwongeza chai, nikarudi jikoni.

Mwaka ule walimu waligoma mwezi wa tisa, mtihani ukasogezwa mpaka Desemba, na matokeo yakatoka mwisho wa Januari. Abang alipata alama mia tatu sabini na moja kati ya mia tano. Barua ikaja: mama na binti wafike Lodwar Jumatano, na akikubaliwa aripoti shuleni Jumatatu inayofuata. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na Achai alipewa kibali cha siku tatu. Akaniomba niende naye. Nilifunga hoteli, nikawaambia wateja wangu wakale kwingine wajifunze kunishukuru, tukaondoka.

Tulilala Nawoitorong, kwenye nyumba ya wageni ya akina mama. Asubuhi Achai alivaa gauni la kanisani, akajipaka mafuta, akapitia maneno yake yote kwa sauti wakati mimi nasuka nywele za Abang. Hakukosea hata moja. Mlinzi wa ofisi, mzee wa Kiturkana, alitusalimu ejok, akatuonyesha benchi, na kabla jua halijapanda sana tukaitwa.

Nyuma ya meza walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa Bwana Wainaina, mtu wa makamo aliyehamishiwa Turkana na bado akijipangusa jasho kama mgeni. Kando yake karani, kijana anayeitwa Kipchumba, na kwa jina hilo tu nilijua ni mtu wa kwetu. Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyeandika tu. Mimi niliruhusiwa kukaa mlangoni pamoja na binti, kwa sharti nisiseme neno.

Mwanzo ulikwenda kama maji. Jina lako nani, unaishi wapi, unafanya kazi gani. Achai alijibu kwa sentensi nzima, my name, my work, our block, kila my na kitu chake nyuma. Wainaina akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye baba. Akasoma: Kong Mou, amefariki 1995. Akasoma juu: Abang amezaliwa 1998. Akaweka kalamu juu ya karatasi katikati ya tarehe hizo mbili, akauliza kama mwandishi wa fomu alikosea.

Achai akasema hapana, tarehe ni sawa.

“Then whose is she?” Wainaina akauliza, polepole, neno moja moja.

“His,” Achai akasema.

Nataka mwelewe kilichofuata, maana mimi nikikikumbuka mpaka leo napandwa na hasira. Mtu yule alitabasamu. Akamwambia Kipchumba kwamba mama huenda amechanganya maneno, halafu, mbele ya binti, akaanza kumfundisha. Mama, his ni ya mwanaume. Mwanamke ni her, na ukiwa hutaji kitu ni hers. Wewe unataka kusema she is mine, sivyo? Jaribu.

Achai alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“I know, sir,” akasema. “My daughter. Mine. Her mother is me. But this girl is his.”

Kila neno lilikaa mahali pake. Benchi la kanisa, vikombe vyangu vya chai, uvumilivu wa Shadrack, vyote vilikuwa mle ndani, na havikumsaidia kwa lolote. Angesema vibaya wangemhurumia. Alisema vizuri, wakadhani hajui anachosema.

Wainaina akaacha kutabasamu. Akauliza nani alimzaa huyu mtoto naye. Achai hakuficha, akasema Yak, ndugu yake Kong. Yuko hai? Yuko hai, Bor. Basi baba yake ni Yak. Hapana, sir, wa Yak wako Bor naye. Wainaina akaifunga faili nusu. Akasema nafasi hizi ni za waliofiwa, na kuandika baba aliye hai kuwa amekufa ni kudanganya, na anayedanganya jina lake huondolewa. Lakini kwa kuwa hakutaka kuonekana mwonevu, aliagiza Yak apigiwe simu asikike mwenyewe.

Simu ikawekwa mezani, sauti juu. Yak alikaa kambini miaka mingi, Kiswahili anacho. Kipchumba akamweleza anapiga kutoka wapi, akamwuliza kama Abang ni mtoto wake.

“Abang? Hapana, bwana. Abang si yangu,” sauti ikasema, bila kusita hata kidogo. “Abang ni ya Kong, kaka yangu. Mimi nilisaidia nyumba tu. Amepita mtihani?”

Kwa Achai hayo yalikuwa maneno ya mtu wa heshima. Nilimwona akiinua kidevu, ana fahari. Ndugu amekaa mbali, hakuna anayemwona, na bado hakunyang'anya marehemu mtoto wake. Lakini mama aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini, akamtazama Achai kwa huruma ile tunayowapa wanawake waliotelekezwa, na Wainaina akakata simu kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa uchafu.

“Umesikia,” akamwambia Kipchumba. “Hata baba mwenyewe anamkana.”

Achai akageuka kunitazama mlangoni. Hakuelewa kwa nini wanamhurumia.

Nitasema haki: Wainaina hakuwa mtu mbaya, na labda ndiyo maana aliniudhi zaidi. Alisema kuna njia. Shirika lilikuwa na nafasi pia kwa wasichana walioachwa na baba zao. Achai aandike upya, baba ni Yak, ametoroka familia, atie sahihi, na binti aende shuleni Jumatatu. Akasukuma fomu mpya na kalamu upande wake wa meza. Akasema atatupa muda wa kufikiri.

Tulitoka nje kwenye kivuli cha ukuta. Nami nilimgeukia Achai kwa hasira zote nilizokuwa nimezibana ndani. Nikamwambia karatasi ni ya watu wa Lodwar, itakaa kabatini mpaka mchwa waile, Kong hataisoma. Nikamwambia kibali chake kinakwisha kesho. Nikamwambia amesafiri kilomita mia na ishirini za mawe kuja kukataa kalamu. Alinisikiliza akiwa ameshika kikapu, kikapu kilekile.

“Nikiandika Yak, Yak amekuwa mtu mbaya,” akasema. “Yeye hakukimbia.”

Abang alikuwa amekaa chini, magoti yamegusa kidevu, nywele zangu nzuri zimeanza kuingia vumbi.

“Mama, andika,” akasema. “Andika Yak. Kong hana haja na shule.”

Achai alichuchumaa mbele yake. Wakasemezana Kidinka, na mimi sikujua ni nini, ila sentensi ya mwisho aliirudia kwa Kiswahili, nadhani ili nami niache kelele.

“Kong hana kitu ingine. Ni wewe tu.”

Msichana akaanza kulia. Mimi nikaondoka, kwa sababu ningebaki ningelia au ningempiga mtu, na nikamkuta Kipchumba kwenye bomba la maji akijaza chupa. Nilimsemesha kwa lugha ya nyumbani. Nikamwuliza anatoka wapi, akasema Kabiyet, kwetu kulekule Nandi. Nikamweleza mimi ni wa wapi na baba yangu ni nani, na babu yangu alizikwa lini, na baba alizaliwa lini. Akaacha chupa ikafurika.

“Huko kwenu Kabiyet,” nikamwuliza, “hakuna mtoto wa marehemu?”

“Wapo, mama.” Akatazama viatu vyake. “Hata nyumbani kwetu yupo.”

“Na ndani umekaa kama jiwe, mwanamke wa watu anafundishwa tofauti ya mwanamke na mwanaume.”

“Fomu haina mahali pa hayo, mama.”

“Fomu haina. Wewe una mdomo.”

Nilisema na mengine. Aliyachukua kama mtoto aliyelelewa vizuri, akafunga chupa yake, akarudi ndani. Tulingoja mpaka kivuli cha ukuta kikatuacha kikaenda zake, tukahama benchi.

Tulipoitwa tena, Kipchumba ndiye aliyeongea, na nikaona amelifanyia kazi. Alikuwa amemweleza mkubwa wake kwamba kuna jamii zenye desturi hiyo, hakusema ni zipi, na mkubwa wake akajibu kwamba desturi haiingii kwenye kompyuta. Ndipo akapata njia ya tatu. Mtoto angeingizwa kama mtoto wa mama peke yake. Hakutakuwa na Yak, hakutakuwa na tarehe ya kifo, na tarehe hazitagombana. Kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa kwa mashine, kilichobaki ni sahihi. Abang angeingia shuleni Jumatatu. Mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilikuwa tayari kumshika Achai mkono na kumtilia sahihi mwenyewe.

Lakini Achai alikuwa amejifunza kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi, na aliyemfunza ni mimi. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akashuka nacho. Jina la mama, sawa. Kazi ya mama, sawa. Kikafika kwenye baba. Pale paliandikwa Unknown.

Kidole kikakaa hapo. Nilijua anachofanya, nilimwona akilivunja lile neno vipande viwili jinsi tulivyofundishwa.

“Unknown,” akasema. “To who?”

Kipchumba akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, “Kwa ofisi, mama.”

Achai akafikiri. Hakuwa na haraka. Alijionyesha yeye mwenyewe kifuani, kisha akamwonyesha Abang mlangoni, kisha akaigusa meza yao.

“Not mine,” akasema. “Not hers. Yours.”

Wainaina akauliza anasema nini. Hakuna aliyemfasiria, na kwa kweli hapakuwa na cha kufasiri, ni lugha yake. Achai alirudisha kidole juu kabisa ya karatasi, kwenye jina la mwanafunzi, ambapo mashine ilikuwa imeandika Abang Kong Mou, kama lilivyo kwenye cheti chake cha mtihani. Akawauliza kama hilo litabaki. Kipchumba akasema hilo ndilo jina lake, litabaki, litaitwa kila asubuhi.

“Basi,” akasema, akatia sahihi.

Tulipewa barua na orodha ya vitu vya shuleni: sanduku la bati, blanketi, ndoo, sahani, kikombe, kijiko. Chini ya orodha iliandikwa kwamba kila kitu kiwe na jina la mwenyewe, kwa sababu wasichana huibiana. Tulivinunua sokoni Lodwar alasiri hiyo, maana kibali cha Achai kilikuwa kinaisha na Abang, kwa barua yake ya shule, angebaki Nawoitorong kwa akina mama mpaka Jumatatu. Achai akaomba kopo la rangi nyeusi na msumari.

Mimi njiani sikuacha kulalamika. Nilisema lile neno Unknown litamfuata mtoto miaka minne, kila mwalimu atakayefungua faili atadhani mama yake alikuwa mtu wa ovyo, na tungeweza kukaa chini na kugoma mpaka waliondoe. Achai akaniuliza ni mimi niliyemwambia asubuhi kwamba karatasi italiwa na mchwa au ni mwingine. Nikamwambia asinijibu maneno yangu mwenyewe.

Alikaa sakafuni chumbani kwetu akaanza kuandika. Kwenye sanduku aliandika kwa rangi, herufi kubwa kama za kwenye lori, ABANG KONG MOU, kifunikoni na ubavuni. Kwenye ndoo hivyohivyo. Blanketi alilishona kwa uzi mwekundu, jina zima, mpaka vidole vikamwuma. Sahani na kikombe aliviandika kwa kugonga msumari, kitone kwa kitone, na akina mama wa nyumba ile walikuja mlangoni kutazama kelele hizo zinatoka wapi. Abang alikaa kitandani akitazama, macho yamemvimba, kisha akashuka akamshikia mama yake sahani isiteleze.

Kikabaki kijiko. Mpini wake ulikuwa mwembamba, na majina matatu yasingeingia hata ukiyabana. Nikamwambia Achai aandike jina la mtoto tu, jina moja linatosha, kijiko ni chake.

Akakigeuza, akapima kwa ukucha herufi ngapi zitaingia. Akashika msumari akaandika KONG.